Mkono wa maelfu ya dola hautaokoa sahani za Kitshanga

KITSHANGA – Wanaosema kwamba sahani za santuri zilizobaki Kitshanga zingoje kwanza mpaka mkono wa gramafoni wa daraja la juu upatikane Ulaya, wanazihukumu sahani hizo kufa. Hawasemi hivyo kwa nia mbaya. Wengi wao ni watoto wa hapa hapa, wa Kitshanga, wa Mweso, wa Kashuga, ambao leo wanaishi Bruxelles, Nairobi ao Montréal, na wanapenda muziki wa wazee kuliko hata wale waliobaki nyumbani. Lakini mapendo hayo yameingia katika ubishi usiokwisha: mkono huu ao ule, wa Uingereza ao wa Japani, wa inchi 9 ao wa inchi 12. Na wakati ubishi unaendelea, unyevu unakula karatasi za sahani na panya wanakula masanduku.

Mtoto wa ndugu akiwa huko mbali anamwambia baba yake mdogo kwa simu: "Baba mudogo, mungojee kwanza, tutatuma kintu ya muzuri." Baba mdogo anajibu ndiyo, kwa heshima. Kisha anarudisha sahani chini ya kitanda.

Ijulikane kwanza ni sahani gani. Kabla ya vita, walimu, makarani wa mashamba ya kahawa na ya chai, na wafanyabiashara wa ng'ombe waliokwenda Goma, Bukavu ao Kampala walirudi na fono na sahani zake. Fono ndilo jina wazee wanalolitumia hadi leo. Kati ya sahani za aina hiyo kuna zile nzito, nyeusi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, za enzi ya Wabelgiji. Kampuni ya Ngoma ilianza Léopoldville mwaka 1948, na mwaka huo huo Wendo Kolosoy akarekodi humo "Marie-Louise". Loningisa ikafuata mwaka 1950. Upande wa Katanga, Mwenda wa Bayeke, yule anayejulikana pia kama Jean Bosco Mwenda, alirekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, akiimba kwa Kiswahili na gita moja tu. Baadaye zikaja sahani ndogo za mizunguko 45, za African Jazz na za OK Jazz, ambayo ilianzishwa mwaka 1956. Kwa hiyo sanduku moja la mzee linaweza kuwa na aina mbili za sahani ambazo hazisomwi na sindano moja. Jambo hili litarudi hapa chini, kwa sababu ndilo linaloamua ubishi wote.

Na ijulikane pia kilichozipata. Kitshanga ni mji uliokimbiwa mara nyingi. Mwezi wa pili na wa tatu mwaka 2013, mapigano kati ya jeshi na APCLS yalichoma nyumba nyingi katikati ya mji. Tarehe 26 Januari 2023, M23 iliingia, na wakaaji wakashika njia tena, wengine kuelekea Mweso, wengine kuelekea Sake na Goma. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, godoro, sufuria, kuku akiwezekana. Hakuna anayeweka kichwani sanduku la sahani la kilo ishirini. Sahani ya 78 ikianguka inavunjika kama kigae cha chungu. Ile ya 45 ikiachwa karibu na bati wakati wa jua inajikunja na kuwa kama kapu. Kila safari ya kukimbia imepunguza hesabu, na hakuna mtu aliyekaa kuhesabu.

Sasa mkono wenyewe. Wasiojua waelewe kwamba mkono wa gramafoni hauimbi. Kazi yake ni moja: kuishika sindano mahali pake juu ya mfereji wa sahani, bila kuisukuma, bila kuivuta, bila kutikisika, tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Mkono ulio mzuri ni ule ambao hausikiki. Hapo ndipo wauzaji wa daraja la juu walipopata soko lao, kwa sababu kitu kisichosikika mtu anaweza kukiuza kwa bei yoyote. Kuna mikono ambayo bei yake inanunua ng'ombe kadhaa wa Masisi, na kuna mingine ambayo bei yake inanunua gari jipya.

Haina maana kwamba ile mikono ni udanganyifu. SME ya Uingereza, ambayo jina lake la mwanzo lilikuwa Scale Model Equipment, ilianza kuuza mikono mwaka 1959 na ilifanya kazi ya heshima kwa miaka sitini. Mwishoni mwa 2019 ikatangaza kwamba haitauza tena mkono peke yake, bali pamoja na gramafoni nzima. Rega, nayo ya Uingereza, ilitoa mkono wa RB300 mwaka 1983, bomba lake likiwa limemwagwa kwa aluminiamu kipande kimoja, na ukawashangaza watu kwa sababu ulifanya kazi ya mikono ya bei kubwa kwa bei ya mwalimu. Vitu hivyo ni vya kweli. Swali ni kama vinafaa katika nyumba ya mabao ya Kitshanga, juu ya sanduku la sahani za Ngoma. Jibu ni hapana, na sababu zake si za umaskini. Ni za ufundi.

Wanaosifu mkono wa kipande kimoja wanasema kwamba ukikata bomba na kuweka kichwa kinachotoka, unaongeza kiungo, na kila kiungo ni mlango wa mtikisiko. Ni kweli kwa mtu mwenye sahani za aina moja. Lakini mfereji wa sahani ya 78 ni mpana mara tatu ao nne kuliko ule wa sahani za baadaye. Sindano ya sahani mpya ina ncha ya maikroni 18 hivi. Ile ya sahani ya 78 inafika 65 na zaidi. Ukiweka sindano nyembamba ndani ya mfereji mpana, inazama mpaka chini na kuburuta takataka za miaka sabini. Sauti inayotoka ni ya mvua juu ya bati, na Mwenda yuko nyuma ya mvua hiyo. Ukiweka sindano nene juu ya sahani ya 45, unaiharibu kwa mara moja.

Basi anayetaka kusoma sanduku la mzee anahitaji sindano mbili, na anahitaji kubadilisha moja kwa nyingine mara nyingi kwa siku. Kwenye mkono wa kipande kimoja, kubadilisha maana yake ni kufungua skrubu mbili ndogo kama punje za uwele, kuchomoa nyaya nne nyembamba kama nywele, kisha kupima kila kitu upya. Fundi wa Bruxelles anafanya hivyo Jumapili akiwa na taa na miwani. Kijana wa Kitshanga mwenye saa mbili za umeme wa jenereta hawezi. Kwenye mkono wenye kichwa kinachotoka, kama ule uliopinda kwa umbo la S kwenye Technics SL-1200 ya mwaka 1979, anazungusha pete moja, anachomoa kichwa, anaingiza kingine, anarekebisha uzito, anaendelea. Kazi ya dakika moja. Kile ambacho wapenzi wa daraja la juu wanakiita kasoro, hapa ndicho sifa yenyewe.

Wapo wanaopanda juu zaidi. Wanataka mkono unaotembea moja kwa moja juu ya reli badala ya kuzunguka kwenye mhimili, kwa sababu sahani ilichongwa na chombo kilichotembea moja kwa moja, na mkono unaozunguka daima una kosa dogo la pembe. Hoja ni nzuri kwenye karatasi. Mikono mingi bora ya aina hiyo huelea juu ya hewa inayosukumwa na pampu, na pampu inataka umeme usiokatika na hewa isiyo na vumbi. Atakayeleta pampu hiyo Kitshanga alete pia jibu la vumbi la kiangazi, wakati kila gari linalopita kwenye barabara ya Mweso linaacha wingu linaloingia mpaka ndani ya ugali. Na kosa lenyewe la pembe ni dogo kiasi gani? Kwenye mkono wa kawaida wa inchi 9 uliofungwa vizuri, ni digrii mbili hivi pale linapokuwa kubwa zaidi, na kuna sehemu mbili za sahani ambapo linakuwa sifuri kabisa. Hesabu hiyo ilifanywa na Löfgren mwaka 1938 na Baerwald mwaka 1941, na mpaka leo inatumika. Kipimo chake kinachapwa bure kwenye karatasi. Mkono wa bei ndogo uliofungwa kwa kipimo hicho unamshinda mkono wa bei kubwa uliofungwa kwa macho, na hapa Kivu ya Kaskazini vitu vingi vya bei kubwa vimefungwa kwa macho.

Wengine wanapenda mkono unaokaa juu ya ncha moja tu, kama sinia juu ya kidole. Unasifiwa kwa uhuru wake. Nyumba ya mabao ina sakafu ya mabao. Mtoto akipita mbio, sakafu inaruka, na mkono wa ncha moja unayumba kama mlevi. Wale wanaoandika sifa zake wana nyumba za saruji.

Na mkono mrefu wa inchi 12? Unapunguza kosa la pembe kwa kiasi kidogo, lakini ni mzito zaidi. Sahani za Kitshanga zimejikunja, na mkono mzito wenye sindano laini, ukipanda wimbi la sahani iliyojikunja, haushuki kwa wakati wake. Unaendelea kupanda kama lori lisilo na breki mlimani, kisha unaanguka. Sahani iliyonyooka, iliyotunzwa Ulaya ndani ya plastiki, haitaonyesha kasoro hiyo. Ndiyo maana majaribio yanayofanywa huko hayatoshi kuamua mambo ya huku.

Hapa yafaa kusemwa neno kwa upande wa pili, maana wapo pia wanaocheka ubishi wote na kusema: chukueni chochote, ile gramafoni ya sanduku la plastiki inayouzwa bei ya viatu, sahani zenyewe ni za zamani. Hao ni wabaya kuliko wale wa daraja la juu. Mkono wa gramafoni hizo hauna uzito wa nyuma unaorekebishwa. Mara nyingi unakandamiza sahani ya mizunguko 45 kwa gramu tano na zaidi, mahali ambapo gramu mbili zingetosha. Kwa sahani ya duka iliyochapwa mwaka jana, hasara ni ya mwenyewe. Kwa sahani ambayo labda imebaki peke yake kati ya Sake na Kanyabayonga, ni kuifuta wakati unaisikiliza. Atakayependekeza kitu hicho kwa mzee afadhali amwambie wazi kwamba wimbo wake utasikika mara chache, kila mara kidogo zaidi chini.

Kinachohitajika kiko katikati, na kinajulikana: gramafoni imara iliyotumika, yenye mkono wa kichwa kinachotoka, vichwa viwili, sindano mbili mpya za saizi mbili. Sindano ndiyo ya kulipiwa, kwa sababu ndiyo inayogusa sahani. Ni ajabu kuona mtu tayari kutoa dola elfu tatu kwa bomba la magnesi na kusita kutoa dola mia kwa ncha ya almasi iliyo mwisho wa bomba hilo.

Technics ya 1979 ina upungufu mmoja ambao waongo wa upande wowote wasiufiche: haina mizunguko 78. Njia ipo. Sahani ya 78 inachezwa kwa 45, inarekodiwa kwenye kompyuta, kisha programu ya bure kama Audacity inaharakisha mpaka mwendo wa haki, yaani mara 1.73. Si njia ya kifalme, na sauti nzito na nyembamba zinataka kurekebishwa baadaye, lakini wimbo unatoka mzima. Faida yake nyingine inahusu umeme. Gramafoni nyingi za mkanda za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Jenereta ikichoka, wimbo unachoka nayo, na mwimbaji anashuka sauti katikati ya ubeti. Mota ya Technics inaongozwa na kioo cha kwatzi, kwa hiyo jenereta inaweza kukohoa bila Wendo kukohoa. Hilo halimo katika orodha za kulinganisha mikono, kwa sababu walioandika orodha hizo hawajaishi na jenereta.

Kisha kuna kusafisha, kazi ambayo haina sifa na haina duka. Sahani ya 45 inaoshwa kwa maji safi yenye tone la sabuni na kitambaa laini, bila kulowesha karatasi ya katikati. Ile ya 78 isiguswe kamwe na alikoli, kwa sababu imetengenezwa kwa sheleki na alikoli inayeyusha sheleki. Wapo watu wema waliofuta sahani za baba zao kwa spiriti ya hospitali na kufuta wimbo pamoja na uchafu. Ushauri huo mmoja, ukitumwa kwa sauti kwenye simu ya kila mwenye sahani, unaokoa zaidi ya mkono wowote wa SME.

Swali la pesa haliwezi kuepukwa, na lina uchungu wake. Uzito wa nyuma wa baadhi ya mikono ya bei kubwa hutengenezwa kwa tungsteni, kwa sababu ni metali nzito sana na kipande kidogo kinatosha. Nyaya zake zinaunganishwa kwa bati. Vifaa vya elektroniki vinavyokuza sauti yake vinatumia tantali mahali pengi. Wolframu inayotoa tungsteni inachimbwa Kivu. Bati linatoka Bisie, Walikale, mgodi unaotoa karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Tantali inatoka katika koltani ya Rubaya, hapa hapa Masisi. Hakuna anayeweza kushika mkono fulani na kusema chembe hii ilitoka Walikale. Lakini mchimbaji wa Rubaya akisikia kwamba nyimbo za babu yake zinangoja kifaa cha dola elfu nne ndipo zistahili kusikika, ana haki ya kuuliza nani aliyeweka bei hiyo, na kwa nini madini yanatoka kwa haraka na nyimbo zinaambiwa zingoje.

Liko pendekezo jingine ambalo huja pamoja na ubishi wa mikono, na ndilo la kukataliwa kwa sauti kubwa kuliko yote: kwamba sahani zenyewe zipelekwe Ulaya, zisomwe huko kwa vyombo vizuri, kisha zirudi. Congo inaijua njia hiyo. Makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, ina hazina kubwa ya sauti zilizorekodiwa Congo. Rekodi za Hugh Tracey ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya ILAM aliyoianzisha mwaka 1954. Wanaozitunza wamefanya kazi, na bila wao mengi yangepotea. Hilo likubaliwe bila kusukumwa. Lakini nyimbo za Wakipsigis wa Kenya ambazo Tracey alizirekodi mwaka 1950 zilingoja zaidi ya miaka sitini ndipo nakala zikarudishwa kwa watu walioziimba, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Sahani ya Kitshanga ikivuka mpaka bila nakala kubaki, mwenyewe atakuwa ameazima mali yake kwa mtu asiyejua anwani yake. Kama ni lazima itoke, itoke baada ya kunakiliwa hapa, hata kwa chombo cha kadiri. Nakala ya kadiri iliyo kwenye flashi tatu katika nyumba tatu tofauti haichomwi yote siku moja.

Hapo ndipo wapenzi wa daraja la juu wanapotoa hoja yao ya mwisho, na ni hoja ya kweli: nakala mbaya ni hatari, kwa sababu watu wakishaipata wanaiona inatosha na wanaitupa sahani. Ni lazima ijibiwe. Jibu ni kwamba sahani isitupwe. Ioshwe, iwekwe wima na si kulazwa, ndani ya bahasha ya karatasi mpya, mbali na bati na mbali na jiko, na siku mkono bora utakapofika isomwe mara ya pili. Anayenakili leo hamzuii yeyote kunakili vizuri zaidi kesho. Anayengoja ndiye anayemzuia, kwa sababu kesho kunaweza kusiwe na sahani, na hapa hakuna anayehitaji kuelezwa jinsi kesho inavyoweza kufika usiku.

Wakaaji wa Kitshanga walio ng'ambo, ambao wamechanga ama wanataka kuchanga, wanaweza kuufunga ubishi wiki hii. Gramafoni moja iliyotumika yenye mkono wa S. Vichwa viwili. Sindano ya 78 na sindano ya kawaida, na ya akiba kwa kila moja. Kifaa kidogo cha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Flashi. Pesa ya mafuta ya jenereta kwa mwezi, na ya kijana mmoja mwenye mikono mitulivu ambaye atafundishwa kwa simu kutumia kipimo cha karatasi. Mkono mmoja wa daraja la juu unagharimu zaidi ya vyote hivi kwa pamoja.

Kuhusu usafiri: uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, kwa hiyo anayetuma mzigo kwa ndege aulize kwanza njia ya Kigali ao ya Kampala. Kutoka Sake kupanda mpaka Kitshanga, barabara wakati wa mvua haina huruma na kitu chochote chenye mhimili. Uzito wa nyuma utolewe na kufungwa peke yake. Kichwa na sindano vitolewe, viwekwe ndani ya kopo lenye pamba. Mkono ufungwe kwenye kishikizo chake kwa uzi laini, si kwa waya, na sahani nzito ya gramafoni inyanyuliwe itoke kwenye mhimili wake na kuwekwa chini ya sanduku. Motari aambiwe ni kitu cha kuvunjika, alipwe kabla, na asipakie mayai juu yake.